Mbuzi Walioletwa Jericho

Nilijifunza kusoma nikiwa tayari ni nyanya wa watoto watatu. Darasa la gumbaru lilikuwa kwenye ukumbi wa mtaa hapo Jericho, Nairobi, saa nane mchana, wakati nguo zimeshaanikwa na akina mama wa sokoni wamewaachia wenzao meza. Mwalimu alikuwa na umri wa kitinda mimba wangu. Alielekeza fimbo ubaoni, a, e, i, o, u, na sisi wenye mvi tukaitikia kama watoto.

"Wewe mama wa nyuma, mbona sikusikii?"

"Mwalimu, meno yamebaki machache. Sauti inatorokea hapo."

Kitabu cha darasa kilikuwa chembamba, habari zake choo na maji ya kuchemsha. Nilikimaliza, nikakirudia mpaka kikawa hakina jipya. Nikaingia kwenye Biblia ya Kikamba ya mzee wangu, na huko nilichopenda ni zile sura ndefu za majina, huyu akamzaa huyu, ambazo mhubiri wetu alikuwa akiziruka akisema twende mbele. Mimi sikuziruka. Majina hayanipotei tangu nikiwa msichana. Mstari wetu wa nyumba ulikuwa na milango kumi na miwili, na mpaka leo nikifumba macho ninamwita kila aliyelala nyuma ya kila mlango, pamoja na wale waliozaliwa wakafa kabla ya kubatizwa. Hapa sitaandika hata jina moja. Binti yangu aliniomba nisiandike, na ana haki ya kuniomba.

Biblia ilipokuwa nzito kwangu nilisoma magazeti. Mzee wangu alikuwa mchongaji. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu mpaka Shauri Moyo akachonga twiga na vifaru, na jioni akarudi kwa miguu, nyusi zimejaa vumbi la mbao. Vinyago vilifungwa kwa magazeti ya zamani kabla ya kutiwa kwenye sanduku, na magazeti yaliyobaki aliniletea chini ya kwapa. Kwa hiyo habari zilinifikia zikiwa zimechacha. Nilijua bei ya unga ikiwa imeshapanda tena. Nilikuwa nikitandika ngozi ya mbuzi chini, karibu na mlango kwenye mwanga, nikakaa hapo miguu nimenyoosha, nikasoma kwa kidole.

Ngozi hiyo lazima niieleze.

Binti yangu wa pili alipata mwanamume dereva wa lori, Mkamba kama sisi, lakini wa upande wa Kitui kwenye ukame. Kwetu mwanamke hawi mke mpaka waletwe mbuzi wa ntheo. Wanaletwa mbuzi watatu kwa miguu yao mpaka boma la baba ya msichana, huko nyumbani, wazee wa pande zote mbili wakiwa wameketi. Mmoja anachinjwa, watu wanakula pamoja. Hapo msichana ana mume na watoto watakuwa na baba. Bila mbuzi hao, hata mkae miaka ishirini mzae kumi, mwanamke ni mgeni tu na watoto ni wa kwa kina mama yao.

Sisi tuliletewa mbuzi Jericho.

Mzee wangu alikuwa amekosana na ndugu zake juu ya mpaka wa shamba, na nyumba yetu ya huko ilikuwa imeinama upande mmoja, paa limeliwa na mchwa. Niliona haya wakwe waione. Mimi ndiye niliyesema, "Tuwapokee hapa hapa. Siku hizi watu wanaishi Nairobi." Mzee aliguna. Baadaye akaguna tena. Halafu akanyamaza, na mimi nikachukua kunyamaza kwake kuwa ni ndiyo.

Mwanamume alikuja Jumapili na mbuzi watatu nyuma ya pikapu, yeye na dereva mwenzake, bila baba, bila mjomba. Alisema wazee wake hawawezi safari. Nyumba za kaunsili ya jiji haziruhusu mifugo, na askari wa kaunsili walikuwa na mazoea ya kupita mtaani hata Jumapili, basi mbuzi wawili tukawafungia jikoni wakala ufagio wote wakabakisha mpini. Wa tatu akachinjwa nyuma ya nyumba haraka haraka, huku jirani wa mlango wa pili amefungulia redio yake mpaka mwisho ili kelele zisisikike. Huyo jirani alikuwa mama Mkikuyu, muuza viazi hapo sokoni. Sufuria kubwa ilikuwa yake.

"Sasa hapa mnaoza msichana," akaniuliza, "ama mmeiba mbuzi za watu?"

Tulicheka sana. Tulikula watu tisa, na wote tisa ninawajua kwa majina. Wa ukoo wetu walikuwa mzee wangu, mimi na binti yetu. Upande wa mwanamume alikuwa yeye mwenyewe na dereva mwenzake. Waliobaki walikuwa majirani, hakuna Mkamba hata mmoja kati yao. Mzee aliiwamba ngozi, akaikausha juu ya paa la choo, akaniletea. Akaniambia, "Kalia ushahidi wako." Nilidhani anatania.

Binti yangu akahamia chumba huko mtaa wa Tena na mume wake, kwa sababu sisi tulimwita mume wake. Watoto wakaja watatu, msichana, mvulana, msichana. Kifungua mimba akapewa jina la mama yake mwanamume, kama desturi ilivyo, ingawa bibi huyo hakuwahi kumwona. Mwanamume alikuwa wiki mbili barabarani na wiki moja nyumbani. Tulimpenda. Akirudi kutoka njia ya Uganda alipitia kwetu kwanza na mkungu wa ndizi begani, akausimamisha mlangoni akabisha hodi kwa niaba yake: "Mama, kuna mgeni hapa hazungumzi, mpe kiti." Miaka minane hivyo. Nikimuuliza lini tutaonana na wazazi wake, anasema mvua ikinyesha.

Sasa nirudi kwenye gazeti. Ilikuwa Alhamisi. Mawe ya redio, betri zake, yalikuwa yamekwisha wiki hiyo, tumeyaanika dirishani yapate jua, kwa hiyo matangazo ya vifo hatukuyasikia. Nilikaa kwenye ngozi yangu nikachukua gazeti la juu, la Kiswahili, la siku tatu nyuma. Nilifika ukurasa wa waliofariki. Ukurasa huo niliupenda, sioni haya kusema, kwa sababu ulikuwa umejaa majina na mengi nilikuwa ninayaweza. Mimi huanza na picha, halafu nashuka kwenye maandishi.

Picha ilikuwa yake. Amevaa tai ambayo sikuijua.

Nikasoma kwa kidole. Ajali ya barabarani. Mwana wa fulani na fulani. Mume wa, na hapo jina la mwanamke nisiyemjua. Baba wa, na hapo majina manne, yote mageni kwangu. Nikarudi juu. Nilikuwa msomaji wa mwaka mmoja tu, na mara nyingi kidole changu kiliruka mstari bila mimi kujua. Nikasoma mara ya pili taratibu. Mara ya tatu nikaweka ukingo wa karatasi nyingine chini ya kila mstari, kama mwalimu alivyotufundisha. Sikuwa nimeruka. Binti yangu hakuwemo, na wajukuu wangu hawakuwemo. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

Mzee aliporudi nikamwonyesha. Aliishika karatasi mbali na macho, akasoma yote, akaikunja mara nne.

"Umesoma mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi ni kweli," akasema. Akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu kuliko vumbi alilokuwa nalo.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Tena kwa miguu. Binti yangu alikuwa akimwogesha mdogo kwenye karai nje ya mlango.

"Mama, mbona mapema hivi? Ni baba?"

"Si baba yako."

Aliniangalia mikono, akaona gazeti. Yeye alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, hakuhitaji kidole. Mtoto alibaki amesimama kwenye karai, povu kichwani, akiniita susu, yaani nyanya, akisema maji ni baridi. Nilimmwagia mimi. Binti yangu alipomaliza kusoma hakulia hapo hapo. Aligeuza ukurasa kutazama nyuma, kana kwamba maneno yameendelea upande ule.

"Na hawa wangu wako wapi?"

"Hawakuandikwa."

"Mimi waniache," akasema. "Kama alikuwa na mke, alikuwa na mke. Lakini hawa watatu watajwe, mama. Mara moja tu, mbele ya jeneza lake, watu wasikie. Wasije wakaambiwa waliokotwa."

Hicho ndicho tulichoendea Kitui. Hatukutaka shamba wala lori. Jioni nilirarua ukurasa kwenye daftari langu la gumbaru nikaandika majina ya wajukuu wangu, moja kila mstari, na chini yake jina la baba yao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika kitu ambacho mwalimu hakuniagiza. Nilikandamiza penseli mpaka maandishi yakatokea upande wa pili.

Tulishuka basi Jumamosi saa nne, mimi, mzee, binti yangu na watoto, tukatembea juu ya mchanga wa mto uliokauka. Hapo mvua ilikuwa haijanyesha misimu miwili. Punda walikuwa mifupa iliyovikwa ngozi. Niliwaona wanawake wamekaa ndani ya shimo mtoni, mmoja anachota maji kwa kikombe akimpa mwenzake wa juu, na wakati kikombe kinajaa tuliweza kuwasalimia na kuitikiwa na kuulizana habari.

Bomani watu walikuwa wengi. Ndugu mkubwa wa marehemu ndiye aliyeongoza, karatasi mkononi. Nilimwendea kabla ibada haijaanza, nikainama kidogo, nikamwambia sisi ni nani. Alitazama watoto, na nikaona wazi amemwona ndugu yake kwenye paji la uso la yule mvulana.

"Mama, pole kwa safari," akasema. "Lakini sisi hapa hatujui mbuzi wowote waliotoka kwenda kwenu."

"Walikuja. Wape watoto majina yao tu, baba. Haya hapa, nimeyaandika."

Alipokea ukurasa wangu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akautia mfuko wa koti.

Ibada ikaanza. Akasoma habari za marehemu: shule, kazi, mke, watoto wanne. Karatasi yake ikaisha. Akaikunja akasema wenye mashada wasogee. Mkono wake haukugusa mfuko. Binti yangu alinishika kiwiko, akakiachia.

Nikasimama. Sijawahi kusimama mbele ya watu mahali popote, hata kanisani. Nikasema, "Marehemu ameacha na wengine watatu," nikawataja. Nilitaja jina la kwanza, la pili, la tatu, na kila mmoja nikasema alizaliwa siku gani na mvua gani. Sikutazama mtu. Nilipokaa mbuzi wa mtu alikuwa akikohoa nje ya boma.

Kisha mama yake marehemu akanyanyuka pale alipokuwa ameketi chini kando ya jeneza. Alikuwa bibi mwembamba, macho yameanza ukungu. Watu wakampisha. Akamfikia mjukuu wangu mkubwa, akamshika kidevu, akauliza aseme jina lake mwenyewe. Mtoto akasema. Bibi akaligusa paji lake la uso kwa kidole gumba.

"Huyu ni mimi," akasema. "Mwanangu aliniita huko mbali na hakuniambia." Akalia kidogo bila kelele. Tulidhani limekwisha, tumepata tulichokuja kutafuta. Binti yangu alikuwa tayari anajifuta uso.

Bibi akamgeukia yule mwanawe mkubwa. "Ninazika mwana leo. Kama mbuzi walikwenda, watoto hawa ni wa boma hili na hawaondoki. Wakalale nyumbani kwa baba yao."

Ndugu mkubwa akakuna shingo. Wazee waliokuwa kwenye viti wakanong'onezana, wakakubaliana kwa vichwa. Maneno yale yalikuwa na haki. Hata mzee wangu alijua yana haki, niliona mabega yake yakishuka. Binti yangu alimvuta mdogo kifuani, mvulana akaenda kushika sketi yake kwa nyuma.

Mke wa marehemu alikuwa ameketi karibu yangu, kitambaa cheusi kichwani. Saa zote hizo hakuwa amenitazama. Sasa akaniinamia kama mtu anayenipa pole, akasema chini chini, "Mama, usiwaache hapa. Hawa wangu wamekula jana asubuhi. Wa mwisho nimemzika mwezi wa tatu."

Nikawatazama wanawe wanne waliotajwa. Miguu yao ilikuwa na magoti makubwa kuliko mapaja.

"Mama wa Nairobi," ndugu mkubwa akasema, sasa kwa sauti ya mbele ya watu. "Wazee wanakuuliza wewe uliyesimama. Mbuzi walikuja au hawakuja? Nani aliwaona?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelishika njia nzima kutoka Jericho, majina tisa ya waliokula nyama ile, na nani alikula ini, na nani alikataa utumbo. Ningeweza kuyataja yote tisa bila kupumua.

"Hawakuja," nikasema.

"Hukusema hivyo asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa natafuta heshima. Mbuzi hawakuja. Kijana alikaa na binti yangu hivyo hivyo tu."

Kuna mwanamke mmoja nyuma aliyecheka puani. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Bibi alibaki amemshika mjukuu wangu mkono, halafu mtu akamtoa vidole taratibu, kimoja kimoja, akamrudisha kwenye nafasi yake. Ndugu mkubwa akautoa ule ukurasa wangu mfukoni akanirudishia, kwa mikono miwili kama alivyoupokea. Hatukuruhusiwa kutupa udongo. Asiye mke hatupi, na mtoto asiye wa boma hatupi. Tulisimama nyuma ya ua wa miiba tukasikia majembe.

Basi lilipofika nyika ya Athi binti yangu akanigeukia.

"Sasa mama, mimi nilikuwa nani kwake?"

"Nimekurudishia watoto."

"Nimekuuliza mimi nilikuwa nani."

Mzee wangu alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka.

Walihama Tena wakaja kukaa nasi, watu sita katika chumba na jiko. Wiki ya pili ujumbe ukafika kwa mdomo wa dereva mwenza wa marehemu, yule yule aliyekuwa kwenye pikapu. Alikuja kutuonya. Bibi alikuwa hatulii, anamwota mtoto mwenye jina lake. Wazee wawili wangekuja Nairobi kuulizauliza, kwa sababu mtu aliwaambia mwanamke haandiki majina ya watoto kwa penseli kama hakuna mbuzi.

"Nami wataniuliza," akasema. "Niseme nini, mama?"

"Wewe ulikula nini hapa siku ile?"

Aliangalia ngozi niliyokuwa nimekalia. "Chai," akasema.

Yule mama wa viazi naye sikuhitaji kumwambia mara mbili. "Mimi nijue mbuzi ya nani? Mimi ni wa viazi." Alisema hivyo bila kucheka.

Jumatatu asubuhi, mzee ameshakwenda kazini, niliiviringisha ile ngozi nikaona haiwezi kutupwa. Ikitupwa jaani watoto wa mtaa wataiokota waifanyie mchezo, itaonekana. Nikaikata vipande kwa kisu cha kuchongea. Ilikuwa ngumu, imelainika mahali pamoja tu, pale nilipokuwa nikikaa kusoma. Nikawasha jiko nje ya mlango nikaichoma kipande kwa kipande. Manyoya yananuka. Mstari mzima wa nyumba ulijaa harufu hiyo, watu wakafunga madirisha, na mmoja akaniita kutoka ndani kwake, "Mama, unachoma nini?"

"Kwato za supu," nikajibu.

Binti yangu alitoka akasimama karibu yangu. Nilidhani atanizuia. Alitazama vipande vilivyobaki, akachukua kimoja, akakigeuza upande wa manyoya. Mbuzi yule alikuwa wa kahawia na doa jeupe. Akakitia kwenye moto mwenyewe, akachukua kingine. Tulichoma pamoja mpaka vikaisha.

Mchana nilikwenda gumbaru kwa sababu ilikuwa siku ya gumbaru. Mwalimu akataka kila mtu aje ubaoni aandike majina ya watu wa nyumbani kwake. Zamu yangu ilipofika niliandika la mzee wangu, nikaandika la binti yangu. Nikashusha chaki.

"Ni hao tu, mama? Nilidhani una wajukuu."

"Hao bado sijajua kuwaandika," nikamwambia, nikarudi kukaa.